Tukishasema "Tuombe", Tumesema Nini?

Na mchungaji msaidizi

Maandiko ya kusoma wiki hii: Nehemia 1:1 hadi 2:8, Nehemia 5, Luka 3:10-14, Yakobo 2:14-17



Kuna neno moja ambalo sisi wapentekoste tunalitumia karibu kuliko maneno mengine yote, na neno hilo ni "tuombe". Mtu akifiwa, tuombe. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, tuombe. Bei ya unga ikipanda, tuombe. Nchi ikitikisika, hapo tunaomba, tunafunga na tunaitisha kesha. Sisemi hivi kwa kejeli. Mimi ni mmoja wa wanaolisema neno hilo kila wiki, na nitaendelea kulisema. Lakini kuna swali ambalo washirika wetu, hasa vijana, wanauliza waziwazi, na si haki kuwajibu kwa kuwaambia wanyamaze. Tukishasema "tuombe", tumesema nini? Je, tumeikabili shida, ama tumefunga mazungumzo kwa heshima?

Swali hili ni la zamani, lakini Juni 2024 ililileta mpaka mlangoni. Unakumbuka. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuja na mapendekezo ya ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 wa thamani ya gari kila mwaka. Wa mkate uliondolewa Juni 18, siku ambayo vijana walianza kuingia barabarani jijini. Juni 25 wabunge wakaupitisha mswada, waandamanaji wakaingia ndani ya Bunge, na risasi zikalia. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Wiki hizo hizo vijana waliitana mitandaoni waende makanisani, na si kuabudu peke yake. Walitaka kuwauliza wachungaji: mbona mko kimya?

Sasa fikiria kanisa la kawaida la Nairobi Jumapili hiyo. Kwenye benchi moja kuna mama ambaye kijana wake alikuwa mjini Jumanne na hajalala nyumbani tangu siku hiyo. Kwenye benchi hilo hilo, viti vitatu mbele, kuna mke wa askari ambaye mumewe alikuwa zamu Jumanne hiyo hiyo. Wote wawili wameandika ombi kwenye karatasi ndogo na kuitia kwenye kikapu. Mchungaji anazifungua karatasi mbili, moja baada ya nyingine. Ataomba nini? Akisema "Bwana, lete amani Kenya," wote wataitikia amina, na hakuna atakayeudhika. Lakini je, ameomba?

Pande mbili zinazobishana

Nimesikia majibu mawili katika kanisa, na yote mawili yanasemwa na watu wanaompenda Mungu.

Upande wa kwanza unasema kazi ya kanisa ni kuomba, basi. Siasa tuwaachie wenyewe. Mtume Paulo alimwambia Timotheo tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka, hakusema tuwafuate ofisini. Vita vyetu si vya damu na nyama.

Upande wa pili unasema maombi yamekuwa maficho. Wanasema mchungaji anaitisha maombi kwa sababu maombi hayamgharimu kitu. Hayamkasirishi mheshimiwa, hayamfukuzi mshirika mwenye pesa, hayamleti askari mlangoni. Kijana mmoja akiambiwa "tuombee tu" kuhusu rafiki yake aliyepigwa risasi, anasikia "nyamaza tu".

Mimi naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinafikiri maombi ni kitu kimoja na kutenda ni kitu kingine, kama barabara mbili kwenye njia panda: ukishika hii, umeiacha ile. Upande mmoja unachagua maombi, mwingine unachagua kutenda. Lakini hebu tuangalie kwa makini ni nini hasa mtu anafanya anapoomba.

Maombi yanamfunga anayeomba

Ukimwambia Mungu, "Baba, mtoto huyu arudi shule," umesema mambo matatu kwa mara moja. Umesema ni vizuri mtoto arudi shule. Umesema wewe unataka arudi. Na umesema nguvu zako peke yako hazitoshi. Bila la kwanza, unaomba ubaya. Bila la tatu, huhitaji Mungu, unahitaji tu kuamka. Lakini ni lile la pili ambalo tunalisahau. Ukisema mbele za Mungu kwamba unataka kitu, halafu kuna sehemu ya kitu hicho ambayo iko mkononi mwako na hutaki kuigusa, basi kile ulichosema si kweli. Hukukitaka. Ulitaka kuonekana unakitaka.

Wengi wetu tuko kwenye sacco. Unajua vile mtu anakuja na fomu ya mkopo anakuomba umdhamini. Kalamu ni nyepesi, sahihi inachukua sekunde mbili. Lakini baada ya sahihi ile mambo si yale yale. Akishindwa kulipa, akiba yako inashikwa. Kwa hivyo mtu mwenye akili haweki sahihi kwa sababu anaona aibu kukataa. Anauliza kwanza: nikisaini, naingia wapi? Mimi naamini "nitakuombea" ni sahihi ya namna hiyo. Unajifunga na huyo mtu mbele za Mungu. Yakobo aliliona jambo hili mapema sana. Anaeleza juu ya ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku, ambaye anaambiwa maneno mazuri ya kheri, aende akaote moto na kushiba, na hapewi chochote. Yakobo hasemi maneno yale yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri, na bado anauliza yalimfaa nini.

Kwa hivyo maombi hayapunguzi wajibu. Yanauongeza. Asiyeomba anaweza kusema hakujua ama hakujali. Anayeomba amekiri kwamba anajua, na kwamba anajali, na shahidi wake ni Mungu mwenyewe.

Je, mambo yaliyo nje ya uwezo wetu?

Mtu atasema: Mchungaji, kuna mambo ambayo hatuna mkono ndani yake. Saratani. Mvua. Moyo wa mfalme. Hapo si ni kuomba tu?

Ni kweli, na mimi sitaki kupunguza hata kidogo maombi ya mtu aliyefika mwisho wa uwezo wake. Mama aliyekaa usiku kucha kando ya kitanda cha hospitali, madaktari wamemaliza yao, huyo maombi yake ni kamili. Hadaiwi kitu kingine.

Lakini tuwe waangalifu tusiseme tumefika mwisho kabla hatujaanza. Tuangalie mvua. Februari 14, 2023 taifa liliitwa kuomba, na watu wakakusanyika Nyayo. Ukame ulikuwa mbaya, misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita bila kutosheleza, mifugo ilikuwa inakufa kaskazini. Tuliomba mvua, na tulifanya vizuri. Mvua hatuwezi kuitengeneza. Kisha mvua zikaja, na mwaka uliofuata, Aprili 2024, zikaja kwa nguvu ya kutisha. Mathare nyumba zikabebwa na maji. Alfajiri ya Aprili 29, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiwa na uchafu chini ya reli yalipasuka yakashuka juu ya watu waliolala, na makumi wakafa.

Mvua ilikuwa ya Mungu. Lakini mitaro ilikuwa ya nani? Nani alijenga kwenye kingo za mto, nani aliidhinisha, nani alikuwa anatupa taka kwenye mfereji? Na sisi makanisa tuliokuwa tumeomba mvua, ni wangapi tuliwaza kwamba mtu akiomba maji ni vizuri pia aangalie yatapita wapi?

Tena, Biblia yenyewe haioni haya kuchanganya mambo haya. Hezekia aliugua, akalia, Mungu akasikia maombi yake na kumwongezea miaka 15. Halafu Isaya akaagiza wachukue andazi la tini waliweke juu ya jipu (Isaya 38). Muujiza na dawa katika sura moja, na hakuna aliyesema tini ni kukosa imani. Sisi pia tulipita hapo. Machi 21, 2020 Kenya ilikuwa na siku ya kitaifa ya maombi kwa sababu ya korona. Kesho yake, Machi 22, serikali ikasimamisha ibada za kukusanyika. Tukaomba nyumbani huku tunanawa mikono kwa sabuni, na hatukuona mgongano wowote. Kama tulielewa kuhusu virusi, mbona tusielewe kuhusu ushuru, polisi na mitaro?

Na tusisahau upande mwingine wa hatari. Mwaka 2023, msituni Shakahola, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa ya watu waliofundishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Bwana. Neno linalotoka kwa anayeitwa mchungaji linagusa miili ya watu. Anayewaambia wagonjwa "ombeni tu" na anayewaambia waonevu na waonewa "tuombe tu" wote wawili wametumia neno takatifu mahali ambapo wangepaswa kubeba wajibu.

Nehemia na orodha yake

Ukitaka kuona maombi yasiyokimbia, soma Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme, kazi nzuri, ofisi nzuri. Akasikia kuta za Yerusalemu zimebomoka. Akalia, akafunga, akaomba, kutoka mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, karibu miezi 4. Haikuwa dakika mbili za kufunga mkutano. Lakini angalia kilichotokea mfalme alipomuuliza, "Unataka nini?" Anaomba kimoyomoyo pale pale, halafu anafungua mdomo, na kumbe mtu huyu yuko tayari kabisa. Anataja muda atakaokuwa nje. Anaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto. Anaomba barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe mbao, na anajua mbao ni za malango gani. Mtu aliyesoma biashara kama mimi akisoma pale anaona bajeti, ratiba na orodha ya vifaa. Ile miezi 4 ya maombi ndiyo iliyomfanya aone kazi vizuri hivyo. Kadiri alivyoomba, ndivyo alivyoijua kazi.

Sura ya 5 ni kali zaidi, na sijasikia ikihubiriwa mara nyingi. Watu wanakuja kulia. Wameweka rehani mashamba yao wapate nafaka. Wengine wamekopa pesa walipe kodi ya mfalme. Watoto wao wanachukuliwa utumwani kwa madeni. Nehemia hakuwaambia, "Wapendwa, tuingie katika maombi." Alikasirika. Akawaza moyoni mwake kwanza, na hapo kuna hekima, hakuropoka. Kisha akawaita wakuu mbele ya kusanyiko na kuwaambia ubaya wao, na akataka mashamba yarudishwe siku hiyo hiyo. Huyu ni mtu wa maombi kuliko wengi wetu. Kuomba kwake hakukumzuia kusema, na kusema kwake hakukumfanya aache kuomba.

Hofu ya mimbari kugawanyika

Sasa nifike kwenye pingamizi ambalo naliheshimu sana. Wazee wengi wa kanisa wanasema: Mchungaji akianza kuzungumzia mambo ya serikali, kanisa litagawanyika kwa vyama na makabila. Hawasemi hivyo kwa uoga. Wanakumbuka. Mwaka 2007 wachungaji wengi walisimama na mgombea wa upande wao, wakatoa unabii wa ushindi kwa pande zote mbili. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Januari 1, 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisa, kanisa la kipentekoste kama letu, walichomewa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoka hadharani likakiri kwamba viongozi wa kanisa waliegemea upande. Mzee aliyeyaona hayo akikwambia "mimbari iache siasa", usimcheke.

Lakini tuulize somo la 2007 lilikuwa nini hasa. Kosa halikuwa kwamba kanisa lilisema. Kosa lilikuwa kwamba lilisema kwa niaba ya mtu, na si kwa niaba ya haki. Kuna tofauti kati ya kumsemea mgombea na kulisemea tendo. Nathani alipoingia kwa Daudi (2 Samweli 12) hakwenda kumpigia debe Absalomu. Hakusema Daudi aondoke na fulani aingie. Alisimulia habari ya tajiri aliyechukua kondoo mmoja wa maskini, akamwacha mfalme ajihukumu kwa mdomo wake. Alihukumu tendo.

Kuna kipimo kimoja rahisi kwa mchungaji kabla hajasema jambo mimbarini: je, ningesema maneno haya haya kama aliyefanya ni mtu wa kwetu? Kama jibu ni ndiyo, sema. Kama jibu ni hapana, kaa chini, kwa sababu hiyo si sauti ya Bwana, ni ya kijijini kwenu. Na kipimo hicho kinakata pande mbili. Kama ungesema akiwa wa upande mwingine, lakini sasa unanyamaza kwa kuwa ni wa kwenu, basi kunyamaza kwako nako ni kampeni.

Na hata lile andiko la 1 Timotheo 2, tunalolitumia kunyamazisha watu, lina sababu ndani yake. Paulo anasema tuwaombee wenye mamlaka ili tuishi maisha ya utulivu na amani. Maana yake maombi yale yana lengo, na lengo linaweza kuangaliwa. Kama tunamwombea kiongozi ili watu waishi kwa utulivu, na watu hawaishi kwa utulivu, basi kumwambia hivyo si kuyapinga maombi. Ni kuendelea nayo.

Mkono wa kutoa na mdomo wa kuomba

Hapa ndipo panauma. Huwezi kumwombea mtu kwa ukweli kama unaogopa kupoteza pesa yake.

Jumapili ya Novemba 17, 2024 Rais alitembelea kanisa la kikatoliki la Soweto, mtaani Kayole, akatoa shilingi laki 6 kwa kwaya na baraza la parokia na shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri, na akaahidi nyingine milioni 3. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba pesa zirudishwe. Siku chache kabla, maaskofu wao walikuwa wameikosoa serikali waziwazi. Kabla ya hapo, Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alikuwa amepiga marufuku wanasiasa kuhutubia waumini wakati wa ibada.

Sisi wapentekoste tukisikia hivyo tunasema kwa haraka: wao wana dayosisi, wana shule, wana mashamba. Sisi tuko na mabati na deni la viti. Hilo ni kweli, na sitaki kulipuuza. Kwetu hapa jengo halijaisha, na kila mtu anajua bei ya mabati. Lakini ni hapo hasa ambapo swali linatuhusu zaidi. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na wageni wanaopenda ibada huongezeka mwaka unapokaribia. Mtu atakuja na bahasha ambayo ingemaliza paa kwa Jumapili moja.

Darasani tulifundishwa kwamba mkaguzi wa hesabu hapaswi kupokea zawadi kutoka kwa anayemkagua. Sababu si kwamba lazima atasema uongo. Huenda akawa mtu mwaminifu kabisa. Sababu ni kwamba baada ya zawadi, hata akisema ukweli, hakuna atakayejua kama ni ukweli. Na yeye mwenyewe hatajua. Ndivyo ilivyo kwa maombi. Mheshimiwa ametoa milioni, mchungaji anamwekea mikono na kumwombea. Ombi lile linaweza kuwa limetoka moyoni. Lakini yule mama wa benchi la tatu, ambaye kijana wake hajarudi nyumbani, anasikia risiti.

Nehemia alikuwa liwali kwa miaka 12, na posho ya chakula cha liwali, ambayo ilikuwa haki yake kisheria, hakuila, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Iko pale pale kwenye sura ya 5, baada ya kuwakemea wakuu. Sidhani ni bahati kwamba mambo hayo mawili yamekaa pamoja. Aliweza kuwakemea kwa sababu hakuwa anakula mezani pao.

Je, mwanasiasa asije kanisani? Aje. Ni mwenye dhambi kama sisi na anahitaji neema kama sisi. Aketi, aimbe, atoe sadaka yake kwenye kikapu kama mama mboga, bila kutangazwa, na aombewe kwa jina lake pamoja na wengine walioomba kuombewa. Anayekuja kumtafuta Mungu hatakosa kitu kwa kukosa kipaza sauti.

Kurudi kwa karatasi mbili

Sasa tuwarudie wale wawili, mama wa kijana na mke wa askari. Mchungaji ataomba nini?

Yohana Mbatizaji aliulizwa na askari, "Na sisi tufanye nini?" Hakuwaambia waache kazi. Wala hakuwabariki kwa jumla waende zao. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimshtaki mtu kwa uongo, na watosheke na mshahara wao (Luka 3:14). Hilo ni neno linaloweza kugeuzwa kuwa maombi halisi. Bwana, mlinde ndugu yetu aliye zamu. Mpe ujasiri akikatazwa haki, akatae kumpiga risasi mtu asiye na silaha. Na kama amefanya hivyo, usimpe usingizi mpaka aseme ukweli. Bwana, mlinde kijana huyu. Mpe ujasiri wa kudai haki bila kuvunja duka la mtu. Na kama yuko seli, atokeze. Na kama amekufa, mama yake asidanganywe na mtu yeyote.

Ombi kama hilo litafanya wengine wasiseme amina haraka. Lakini linamheshimu kila mmoja, kwa sababu halijamficha yeyote mbele za Mungu. Na angalia, likishaombwa, kazi imeshajitokeza. Nani ataandamana na mama huyu kwenda stesheni kuuliza? Nani atapita hospitali, na kama ni lazima, mochari? Kuna wakili yeyote katika kanisa? Nani atakaa na huyu askari akirudi nyumbani, amsikilize, maana pengine naye amebeba kitu ambacho hawezi kumwambia mkubwa wake?

Hapa pia ndipo ninawaambia vijana wetu wa upande wa pili: msiyaache maombi. Mtu anayetenda bila kuomba hufika mahali anaona sare tu, haoni mtu ndani yake. Akimwona yule askari mara ya kwanza ni adui, mara ya pili ni mnyama. Ni vigumu kumfanya mnyama mtu ambaye ulimtaja kwa jina mbele za Mungu asubuhi. Maombi pia yanatukumbusha kwamba sisi si waamuzi wa mwisho, na kwamba tukishindwa leo, haki haijafa, kwa sababu haikutegemea sisi peke yetu.

Mpaka wa wajibu

Mtu atauliza: kwa hivyo kila tukiomba jambo lolote tufanye kila kitu? Hapana. Kanisa la watu mia na kidogo haliwezi kubeba nchi nzima. Mchungaji anayetoa tamko juu ya kila jambo la habari za saa moja naye amerudi kwenye maneno matupu, ila tu yana sauti kubwa. Wajibu wetu unaanza na yule aliyeingia kwa mlango wetu. Kama ni karo, ni mtoto yupi hapa? Kama ni polisi, ni kijana yupi wetu, ni askari yupi wetu? Kama ni mafuriko, nani anaishi karibu na mto? Yaliyo mbali tuyaombe kwa unyenyekevu bila kujidai. Yaliyo karibu tuyaombe tukijua tutaulizwa.

Kwa hivyo nina pendekezo dogo kwa idara ya maombi na kwa kila ushirika wa nyumbani. Daftari la maombi liwe na safu tatu. Ya kwanza, ombi lenyewe, kwa jina kama mwenyewe amekubali. Ya pili, sehemu gani ya ombi hili iko mikononi mwetu, hata kama ni ndogo, na nani ameichukua. Ya tatu, tarehe ya kuleta ripoti. Kuna maombi ambayo safu ya pili itabaki tupu, na hapo tutamlilia Mungu kwa moyo wote tukijua hatukimbii chochote. Lakini nafikiri tutashangaa ni machache kiasi gani.

Na kwa wazee wa kanisa, ninaomba kwenye kikao kijacho tujadili na kuandika tutafanya nini na michango ya wanasiasa na kipaza sauti chetu, sasa kabla bahasha haijafika. Ikishafika tutakuwa tunajadili paa.

Hoja za maombi wiki hii: familia zilizopoteza watoto tangu Juni 2024 na bado zinangoja haki, askari walio miongoni mwetu na ndoa zao, wanaoishi kando ya mito mvua zinapokaribia, na wachungaji wa Kenya, wasinunuliwe wala wasitishwe. Ukifika kwa kila hoja, simama kidogo uulize kuna nini mkononi mwako.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.